Santuri ya Rangi Mbili

Ndugu msomaji, katika misheni zetu nyingi watu wanaijua bendi ya matarumbeta. Inatangulia maandamano ya Ekaristi, inampokea Baba Askofu akija kutoa Kipaimara, na siku ya harusi inazunguka kijiji kizima hata watoto wanasahau chakula. Tena kila mtu anajua kwamba miongoni mwa wapigaji yuko mmoja mwenye tarumbeta refu kuliko yote, lenye bomba la kuvuta mbele na nyuma, na anayesimama mbele yake hujihadhari asigongwe kisogoni. Chombo hicho ndicho tromboni. Leo nataka kukueleza habari za santuri moja iliyotoka Uingereza mwezi wa Oktoba 1979, ambayo wimbo wake wa kwanza unapambwa na tromboni ya namna hiyo. Aliyeipuliza alijifunza kwa Masista.

Labda utasema: Mimi na santuri za vijana wa Ulaya tuna nini? Si makelele matupu? Sikulaumu. Muziki wenyewe ni wa kasi, wapigaji wanarukaruka kama mbuzi waliofunguliwa zizini, na baadhi ya maneno si ya kumsomea bibi. Lakini subiri kidogo, usikunje gazeti.

Santuri hiyo inaitwa kwa jina la bendi iliyoipiga, The Specials, ya mji wa Coventry, katikati ya nchi ya Uingereza. Wapigaji walikuwa saba, Wazungu watano na weusi wawili. Siku hizi hilo si ajabu. Mwaka 1979, katika mji ule, kusimama hivyo jukwaani lilikuwa jambo la kutafutiwa ngumi.

KINGSTON, KWA MASISTA

Ili tuielewe santuri hiyo yatupasa kwanza twende mbali, mpaka Jamaika. Hiki ni kisiwa cha bahari ya Karibi, na wengi wa watu wake ni uzao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Katika mji mkuu wa Kingston, mwaka 1880, mama mmoja Mkatoliki jina lake Jessie Ripoll alianza kulea watoto wasio na wazazi katika nyumba ndogo iliyoitwa Alpha. Alianza na msichana mmoja tu. Miaka kumi baadaye, yaani 1890, wakafika Masista wa Huruma kutoka London, na Jessie mwenyewe akaingia katika shirika lao. Kazi ikakua, na wavulana nao wakapata shule yao.

Shule hiyo ya wavulana ilipokea wale ambao hakuna aliyewataka: yatima, watoto wa akina mama waliolemewa, na watundu waliopelekwa huko kwa amri ya mahakama. Ikawafundisha kazi za mikono, useremala, kushona nguo na viatu, kupiga chapa, kulima bustani. Na muziki. Usidhani muziki ulikuwa mchezo wa jioni baada ya kazi. Ulihesabiwa kuwa ufundi kama ufundi mwingine wowote, maana kijana aliyejua kusoma noti na kupuliza tarumbeta aliweza kupata nafasi katika bendi ya jeshi, akala mshahara wake mwenyewe, asirudi tena barabarani.

Hapo Alpha palikuwa na sista mmoja mwembamba, Sista Mary Ignatius Davies. Alizaliwa mwaka 1921 kisiwani humo humo, akaanza kazi Alpha mwaka 1939, akakaa hapo mpaka alipofariki mwaka 2003. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka 60 na wavulana wa watu! Alicheza nao kriketi na mpira, akawasimamia hata katika mchezo wa ngumi. Kufundisha noti ilikuwa kazi ya wakuu wa bendi, nao walikuwa wakali. Sista ndiye aliyetazama nani ana kipaji, nani amekata tamaa, nani ajaribiwe kwa chombo kingine. Tena alikuwa na santuri nyingi ajabu, za jazi, za muziki wa zamani wa Ulaya, na za kuchezea dansi. Akapata na mashine kubwa ya kuzipigia, yenye vipaza sauti vyake, akawapigia wavulana ili wasikie wenzao wa mbali wanavyofanya.

Kati ya waliopita mikononi mwa watu hao alikuwamo Emmanuel Rodriguez, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Rico. Alizaliwa Havana, Kuba, mwaka 1934, akaletwa Kingston akiwa mdogo. Alpha wakampa tromboni. Mtu aliyemwelekeza zaidi hakuwa mwalimu, bali mwanafunzi mwenzake aliyemtangulia, Don Drummond, ambaye wajuzi wengi wanamhesabu kuwa ndiye fundi mkubwa kabisa wa tromboni aliyepata kutoka kisiwani. (Maisha ya Drummond yaliishia vibaya, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, mwaka 1969. Malezi mema hayamkingi mtu na kila balaa.)

Mwaka 1964 mafundi wa Kingston walipounda bendi iliyoitwa Skatalites, wanne kati ya waanzilishi wake walikuwa wana wa Alpha: Drummond, Tommy McCook, Johnny Moore na Lester Sterling. Na muziki waliopiga uliitwa ska.

MICHI MIWILI, KINU KIMOJA

Ska ni nini? Nitakueleza kwa kinu. Umewaona akina mama wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Wa kwanza anashusha mchi, na anapouinua, wa pili anashusha wake. Mchi wa pili hauanguki pamoja na wa kwanza. Unaangukia katika nafasi iliyoachwa. Basi katika ska, ngoma na gitaa la besi ndizo mchi wa kwanza, na gitaa dogo pamoja na kinanda ndivyo mchi wa pili: cha, cha, cha, sikuzote katika nafasi, sikuzote kwa mkato. Ndiyo maana mtu akiisikia magoti yanamwinuka yenyewe, hata kama amekusudia kukaa kwa heshima. Juu ya huko kutwanga yanapita matarumbeta.

Muziki huo ulizaliwa Kingston mwishoni mwa miaka ya 1950, ukashamiri wakati kisiwa kilipojipatia uhuru, tarehe 6 Agosti 1962. Baadaye ulipunguza mwendo hata ukawa rege, ambayo vijana wetu wanaijua vizuri.

Rico hakungoja uhuru. Alivuka bahari mwaka 1961 akaenda Uingereza, kama walivyofanya maelfu ya watu wa Karibi tangu meli iitwayo Empire Windrush ilipofika Tilbury mwezi wa Juni 1948. Walihitajiwa kwa kazi za mabasi, za hospitali na za viwandani. Walihitajiwa mchana, lakini jioni walipotafuta chumba cha kupanga wengi waliona mlango unafungwa. Rico naye alifanya kazi za viwandani ili apate kula, akapuliza tromboni yake popote alipoitwa. Mwaka 1967 aliitwa kupuliza katika wimbo wa Mjamaika mwenzake, Dandy Livingstone, wa kumwonya kijana mhuni aitwaye Rudy. Uweke wimbo huo akilini, maana tutakutana nao tena.

MJI ULIOUNGUA

Sasa twende Coventry. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani ziliupiga mji huo kwa mabomu hata kanisa kuu la Waanglikana likaungua, zikabaki kuta na mnara. Baada ya vita walijenga kanisa jipya ubavuni mwa lile gofu, likawekwa wakfu mwaka 1962, na gofu lenyewe wakaliacha limesimama liwe mahali pa kuombea msamaha na mapatano. Wenyeji wakawa marafiki wa watu wa Kiel huko Ujerumani, mji ambao nao ulikuwa umepigwa mabomu.

Mji ukatajirika kwa magari. Watu wakaja kutoka kila upande, Waairishi, Wahindi, watu wa Karibi, kwa sababu mshahara wa kiwandani ulikuwa mzuri. Lakini katika miaka ya 1970 viwanda vikaanza kuyumba. Kimoja baada ya kingine kilipunguza watu. Mwaka 1980 kile cha Triumph huko Canley kiliacha kabisa kuunda magari. Wewe uliyepata kuona bei ya kahawa au pamba ikianguka unajua nyumba inavyokuwa: baba anakaa kimya, na vijana wanamtafuta mtu wa kumlaumu. Hapo ndipo kilipopata nafasi chama kiitwacho National Front, kilichosema kwamba dawa ya taabu zote ni kuwafukuza watu weusi na Waasia. Katika uchaguzi wa Mei 1979 kilisimamisha wagombea 303. Hakikupata hata kiti kimoja, lakini kilipata masikio ya vijana wengi waliosimama ovyo barabarani, hasa wale walionyoa vichwa na kuvaa mabuti makubwa.

Wakati huo huo, tangu mwaka 1976 hivi, ulikuwa umezuka muziki mwingine wa vijana wa Kizungu ulioitwa panki: magitaa makali, kasi ya kukimbiza wezi, nywele zimesimama kama miiba ya nungunungu. Hasira yao ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa na pa kwenda.

KASISI NA MWANAWE

Aliyeziunganisha hizi nyuzi mbili ni kijana aliyepiga kinanda, Jerry Dammers. Alizaliwa mwaka 1955 huko kusini mwa India, ambako baba yake, kasisi wa Kianglikana, alikuwa akihudumu. Baadaye baba huyo aliwekwa katika lile lile kanisa kuu la Coventry, mlangoni mwa gofu, na mtoto akakulia mjini. Mtoto hakumfuata baba yake katika kazi ya kanisa, tena alikuwa mkaidi kupita kiasi. Hata hivyo mtu anayekua karibu na gofu la namna ile huona mambo.

Katika chuo cha ufundi cha Coventry, walipokuwa wakisoma sanaa, Dammers alifahamiana na Horace Panter, mpiga gitaa la besi. Wakampata Lynval Golding na Neville Staple, wote wawili wazaliwa wa Jamaika waliopelekwa Uingereza wakiwa watoto. Roddy Byers akaleta gitaa la panki. John Bradbury akakaa kwenye ngoma. Na mwimbaji akawa Terry Hall, kijana wa miaka 20 wakati santuri ilipotoka, ambaye uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyerudi mazikoni sasa hivi. Hakutabasamu jukwaani, na watu walimpenda kwa hilo.

Mwanzoni walijaribu kuchanganya panki na rege, kipande hiki na kipande hiki ndani ya wimbo mmoja. Haikushikana. Ilikuwa kama uji uliotiwa unga mara ya pili, mabonge matupu, maana rege ni ya polepole na panki ni ya mbio. Ndipo Dammers alipofikiri vizuri: badala ya kumchukua mtoto, amchukue mzazi. Ska ya zamani ilikuwa na mwendo wa haraka uliokaribiana na ule wa panki. Wakajaribu, na mara hii unga ukaiva.

Lakini neno la kwamba muziki huo uwe na msimamo lilitokana na jambo jingine. Mwaka 1978 bendi ilisafiri pamoja na The Clash, bendi maarufu ya panki. Dammers amesimulia kwamba usiku mmoja, mjini Bracknell, vijana wa vichwa vya kunyoa walipanda jukwaani wakampiga mwimbaji wa bendi nyingine iliyokuwa nao safarini. Akaona kwamba vijana hao watachukuliwa na mtu fulani. Basi afadhali wachukuliwe na wimbo kuliko kuchukuliwa na chama cha chuki. Mwaka uliofuata, kwa fedha ya kukopa, wakatoa santuri ndogo na kuanzisha nembo yao wenyewe iliyoitwa 2 Tone, yaani Rangi Mbili. Alama yake ilikuwa miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Hata kipofu wa siasa aliweza kuisoma.

SANTURI YENYEWE

Santuri ndefu walirekodi katika studio ya mtaa wa Fulham, London, chini ya usimamizi wa mwimbaji Elvis Costello. Yeye hakuwavisha wapigaji mapambo. Aliwaacha wapige karibu kama walivyopiga mbele ya watu, kwa hiyo ukisikiliza unapata jasho na kelele za chumba pamoja na muziki. Wataalamu wengine walisema sauti ilikuwa nyembamba. Kwa maoni yangu ndivyo ilivyopasa. Wimbo wa mtu aliyefukuzwa kazi hauhitaji vinubi.

Zilikuwa nyimbo 14. Nyingine walizitunga wao, nyingine walizichukua kwa Wajamaika wa zamani, kama Prince Buster na Toots. Na wimbo wa kwanza, ndugu msomaji, ni ule ule wa kumwonya Rudy, wa mwaka 1967. Vijana hawa wangeweza kumtafuta mpiga tromboni yeyote wa London. Walifanya neno la adabu: walimtafuta yule yule mzee aliyeupuliza mara ya kwanza. Rico alikuwa na umri wa miaka 45 hivi wakati huo, mtu mtulivu, mfuasi wa dini ya Rastafari, mwenye ndevu na kofia. Akaja pamoja na rafiki yake Dick Cuthell, mpiga tarumbeta dogo, wakapuliza, na zile pumzi za Alpha zikaingia katika redio za watoto wa Kiingereza ambao hawakujua Alpha iko wapi.

Maneno ya wimbo huo ni ya mjomba anayemkalisha kijana chini: uache fujo, ufikirie kesho yako, la sivyo utaishia gerezani. Huko Kingston, katika miaka ya 1960, vijana wasio na kazi waliokaa na visu mifukoni walikuwa na jina lao, na watungaji wengi waliwaimbia, wengine wakiwasifu, wengine wakiwakemea. Specials waliuchukua ule mkemeo wakauelekeza kwa wahuni wa Coventry, na ulifaa kabisa bila kubadilishwa shati.

Wimbo wa tano ndio ninaoupenda kuliko yote. Ni wa polepole kidogo, na unazungumza juu ya chuki ya rangi. Hautukani mtu. Unamwambia kijana kwamba kuwa mtu asiye na cheo hakumfanyi awe mtu asiyefaa. Na kwamba hata akiwa na sababu ya hasira, sababu hiyo haigeuzi ubaya kuwa wema. Mara baada ya huo unafuata mwingine wa kasi, alioutunga Byers, juu ya hofu ya kutembea usiku katika mitaa ya saruji huku makundi yakikuvizia. Nadhani waliuweka hapo kwa makusudi. Baada ya kusikia lililo jema, unasikia njia ya kurudi nyumbani ilivyo.

Sasa niseme yasiyonipendeza. Uko wimbo mmoja katika santuri hiyo unaomcheka msichana aliyezaa na kuolewa mapema mno, na unamwambia kwamba angalizuia mimba. Mafundisho ya Kanisa katika jambo hilo unayajua, sina haja ya kuyarudia. Lakini hata mtu asiye Mkatoliki angeona kasoro: kijana anayeimba analalamika kwamba yule msichana hana tena nafasi ya kwenda kucheza naye, na msichana mwenyewe hakupewa hata ubeti mmoja wa kujibu. Wimbo mwingine unamtukana msichana kuanzia jina lake mpaka mwisho. Bendi iliyoona vizuri namna hii dhuluma ya rangi haikuiona ile iliyowapata dada zao. Na dunia ilivyo, ule wimbo wa msichana aliyezaa mapema, uliporekodiwa mbele ya watu na kutolewa tena mwanzoni mwa 1980, ndio uliowapandisha mpaka nafasi ya kwanza katika Uingereza nzima.

Santuri ndefu yenyewe ilifika nafasi ya nne. Mwezi wa Novemba 1979, katika usiku mmoja, bendi tatu za Rangi Mbili zilionekana katika kipindi kikubwa cha muziki cha televisheni ya BBC: Specials, Madness na The Selecter. Katika bendi ya Selecter, ya Coventry pia, karibu wote walikuwa weusi na mwimbaji wao alikuwa mwanamke, Pauline Black. Watoto wa shule wakaanza kuvaa suti nyembamba na vibandiko vya miraba, weusi na weupe pamoja.

NGUMI CHINI, NYIMBO JUU

Je, chuki ikaisha? Hapana. Ningekudanganya nikisema ndiyo. Wale wa vichwa vya kunyoa walikuja kwenye maonyesho kwa sababu walipenda ule muziki, wakacheza jasho likawatoka, na baadhi yao wakapiga kelele za National Front katikati ya nyimbo zilizotungwa na watu weusi. Hebu fikiri juu ya kichwa cha mtu wa namna hiyo! Mara nyingi bendi ilikatiza wimbo na kusimama kimya mpaka wanaopigana waachane. Mwaka 1980 huko Cambridge fujo zilizuka kati ya watazamaji na walinzi. Dammers na Hall, ambao walisema walikuwa wakijaribu kutuliza, walikamatwa na baadaye wakatozwa faini na mahakama.

Aliyelipa zaidi ni Lynval Golding. Mwaka 1980 alishambuliwa mjini London akaumizwa vibaya, kwa sababu ya rangi yake tu. Alipopona alitunga wimbo wa kuwauliza waliompiga: Kwa nini? Katika wimbo huo hatafuti kisasi, anataka jibu. Mwaka 1982 akachomwa kisu katika klabu ya dansi mjini Coventry, akaponea chupuchupu.

Mwaka 1981 mwanafunzi mmoja wa jamii ya Wahindi aliuawa kwa kisu mchana katikati ya mji wa Coventry. Mwezi wa Juni bendi ikapiga katika uwanja wa michezo wa mji huo kwa ajili ya amani kati ya watu wa rangi zote. Waliofika walikuwa wachache kuliko ilivyotazamiwa. Wengi waliogopa, maana National Front walikuwa wametangaza maandamano siku hiyo hiyo. Na baada ya majuma machache tu mitaa ya Liverpool, Manchester, Birmingham na miji mingine iliwaka moto wa ghasia. Juu ya vichwa vya habari hivyo vyote, katika redio, wimbo uliokuwa wa kwanza nchini kwa majuma matatu ulikuwa wa Specials, juu ya mji uliogeuka mahame: klabu zimefungwa, kazi hakuna, vijana wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Tromboni ya Rico imo humo pia, inalia kama mbwa wa usiku.

Hapo bendi ilikuwa imekwisha choka. Walikuwa hawasemezani tena vizuri. Mwaka huo huo Hall, Staple na Golding waliondoka. Watu saba walioonyesha nchi nzima kwamba weusi na weupe wanaweza kusimama pamoja hawakuweza kukaa pamoja katika basi moja, na sababu haikuwa rangi. Ilikuwa safari nyingi, uchovu, na ukali wa Dammers aliyetaka kila kitu kiwe kama alivyokisikia kichwani mwake. Wenye kwaya mtanielewa.

MPAKA AFRIKA

Dammers aliendelea na waliobaki. Mwaka 1983 alikwenda kwenye maonyesho mjini London ya kuadhimisha miaka 65 ya Nelson Mandela, yaliyotayarishwa na mpiga ngoma wa Afrika ya Kusini, Julian Bahula. Mpaka siku hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa hajui habari za Mandela. Mwaka 1984 akatoa wimbo wa kudai mfungwa huyo afunguliwe. Ni wimbo wa furaha, wa kuchezeka, na nadhani ndiyo maana ulipita mahali ambapo hotuba hazikupita. Ulipanda mpaka nafasi ya tisa Uingereza na kupigwa katika nchi nyingi. Sisi wa Tanzania tuliowapokea wakimbizi wa Afrika ya Kusini pale Mazimbu, Morogoro, hatukuhitaji kufundishwa jina la Mandela kwa gitaa. Lakini vijana wengi wa Ulaya ndivyo walivyolijua. Tarehe 11 Februari 1990 Mandela alitoka gerezani.

Muziki wenyewe ulivuka na kufika Marekani. Huko Berkeley, California, vijana wa bendi ya Operation Ivy wakauongeza kasi na ukali, wakatoa santuri yao iliyoitwa Energy mwaka 1989, na jina la ska-panki likaenea. Katika miaka ya 1990 zilikuwapo bendi nyingi za namna hiyo, nyingine nzuri, nyingi za mzaha.

Na wenyewe? Rico alipewa nishani na Malkia wa Uingereza mwaka 2007, akafariki London mwezi wa Septemba 2015. Bradbury wa ngoma akamfuata mwaka huo huo, Desemba. Terry Hall alifariki Desemba 2022, akiwa na miaka 63. Panter alikuwa kwa miaka mingi mwalimu wa sanaa kwa watoto wenye mahitaji ya pekee, kisha akawa mchoraji. Huko Kingston, bweni la Alpha lilifungwa mwaka 2014, lakini Masista hawakuyafungia matarumbeta kabatini: shule ya muziki inaendelea, na vijana wanafika asubuhi na kurudi kwao jioni.

Mjukuu wako akiwa na simu ya kupigia nyimbo, mwombe akutafutie santuri hiyo, wimbo wa kwanza. Ngoma inatangulia, halafu matarumbeta yanaingia mawili. Lile la sauti nzito, lenye kuburuza kidogo mwishoni mwa mstari, ndilo la Rico.